Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mbegu na Miche ya Miti ya Mbao

Kwa Mkurugenzi na wajumbe wa Bodi wenye dhamana ya mbegu, vitalu na usambazaji wa miche ya miti ya mbao.

YAH: MICHE ISIYOJULIKANA ASILI YAKE NA HASARA INAYOTUPATA WAKULIMA WA MITI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunaandika hadharani kwa sababu njia za ndani hazikutufikisha popote: barua zetu kwa ofisi yako zilipokelewa na kugongwa muhuri, na jibu pekee lililorudi ni waraka unaotukumbusha kupalilia mashamba na kupogoa matawi kwa wakati. Waraka huo hauna kosa lolote, ila haukugusa tulichouliza. Tuliuliza mbegu zilizootesha miche tuliyouziwa zilitoka msitu gani, zilichumwa kwenye miti mingapi, na nani aliichagua miti hiyo.

Hatuulizi kwa udadisi. Mkulima wa mahindi akiuziwa mbegu mbovu hujua ndani ya msimu mmoja, akalia, akanunua nyingine. Mkulima wa msaji (mtiki) huanza kushuku baada ya miaka mitano, huwa na hakika baada ya miaka minane au kumi, na wakati huo fedha za kusafisha shamba, kuchimba mashimo, kupalilia na kulinda shamba dhidi ya moto zimekwisha kuzama, huku miti ambayo haitatoa ubao wa maana ikiendelea kukalia ardhi. Kosa la palizi hurekebishwa mwaka unaofuata. Kosa la mbegu hukaa shambani mpaka siku ya kuvuna, na aliyelitenda huwa hayupo tena kwenye hesabu. Kwa hiyo tunaomba utusikilize hoja kwa hoja.

1. Asili ya mbegu.

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Jina la mti halitoshi kumwambia mkulima anapanda nini. Makao ya asili ya msaji ni India, Myanmar, Thailand na Laos, na ndani ya eneo hilo kubwa ipo misaji iliyozoea mvua nyingi na ipo iliyozoea kiangazi kirefu na kikali. Zote huitwa msaji, na zote huingia gunia moja zikikusanywa na asiyejali. Majaribio ya kimataifa yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Denmark yalipanda mbegu za asili mbalimbali bega kwa bega katika nchi nyingi za tropiki. Yalichoonyesha kinajulikana kwa kila mtaalamu aliye ofisini kwako: kasi ya kukua, unyoofu wa shina na umri wa kuanza kuchanua hutofautiana kufuatana na asili ya mbegu, na asili inayong'ara mahali pamoja yaweza kuwa ya wastani mahali pengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Acacia mangium, mti wa jamii ya akasia. Mti huu ulipelekwa Sabah, Malaysia, mwaka 1966 kwa mbegu kidogo kutoka Queensland, Australia. Ulikua vizuri kiasi cha kuwavutia watu, na mbegu zikachumwa kwenye mashamba yale ya kwanza, zikapandwa, zikachumwa tena kwenye watoto wake, bila damu mpya kuingia. Baadaye mbegu za Papua New Guinea na za kaskazini kabisa ya Queensland zilipojaribiwa kando ya zile zilizozoeleka, zile mpya ziliziacha nyuma kwa tofauti kubwa. Miaka yote ya katikati watu walidhani kasi waliyokuwa wakiiona ndiyo kasi ya mti wenyewe, kumbe ilikuwa kasi ya kifungu kidogo cha mbegu kilichofika kwanza. Tunashuku, Mheshimiwa, kwamba baadhi ya tunayoambiwa kuwa ni ukuaji wa kawaida wa misaji na misindano (paini) yetu ni habari ya namna hiyohiyo, na hatuna namna ya kuthibitisha wala kukanusha kwa sababu kumbukumbu hazipo au hazitolewi.

2. Miti mama.

Hata pale asili inapofahamika, bado kuna swali la ni miti ipi hasa iliyochumwa. Mkusanyaji anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kukwea mti mrefu ulionyooka, ambao matawi yake yako juu na mbegu zake ni chache; ataufuata ule mfupi wa kando ya barabara, wenye matawi mengi na taji pana, ambao hujaa mbegu hadi chini. Hatumlaumu, kwa kuwa malipo ndiyo yanayomwelekeza. Lakini unyoofu wa shina na tabia ya matawi hurithiwa vizuri, tena vizuri kuliko unene, ambao mara nyingi ni matokeo tu ya mti kupata nafasi na mwanga. Maana yake ni kwamba malipo ya namna hii huchagua, kizazi baada ya kizazi, tabia zilezile ambazo mwenye kiwanda cha mbao anazikataa.

Kwa msaji kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi wa miche hawajaelezwa. Msaji huchanua kwenye ncha ya shina kuu. Ua la kwanza likitokea, ncha hiyo imekwisha kazi yake, na mti huendelea kukua kwa machipukizi ya pembeni, ndipo shina linapogawanyika panda. Mti unaochelewa kuchanua hutoa gogo refu lisilo na panda. Unaochanua ukiwa mdogo hutoa gogo fupi, hata uwe mnene kiasi gani. Umri wa kuchanua nao hurithiwa. Sasa mkusanyaji anayetafuta mbegu kwenye shamba changa ataipata wapi, kama si kwenye miti iliyowahi kuchanua? Tunayo mashamba ambamo panda inaanzia usawa wa kifua, safu baada ya safu, na hakuna upogoaji unaoweza kurudisha shina lililokwisha gawanyika.

Wataalamu huagiza mbegu zichumwe kwenye miti isiyopungua 25 au 30, iliyo mbali kiasi ili isiwe ndugu wa karibu, na mti uliosimama peke yake uachwe, kwa sababu mikaratusi na miti mingine mingi ikijichavusha yenyewe watoto wake hudumaa. Agizo hilo limo kwenye miongozo. Tunachoomba ni ushahidi kwamba limo pia kwenye kazi.

3. Kloni na miti chotara.

Tumeambiwa mara kwa mara kwamba kloni, yaani miche inayozalishwa bila mbegu kutoka mti mmoja na kufanana nao, zitamaliza matatizo haya yote. Hatuzipingi. Kuanzia mwaka 1978 mashamba makubwa ya mikaratusi ya vikonyo (vipande vya mti vinavyooteshwa mizizi) yalianzishwa karibu na Pointe-Noire, Kongo, na mwaka 1984 watafiti wa kampuni ya Aracruz ya Brazili walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg, tuzo ya kimataifa ya utafiti wa misitu, kwa kazi ya kuchagua mikaratusi bora na kuizalisha kwa vikonyo, kazi iliyosukumwa kwa sehemu na ugonjwa wa donda la shina uliokuwa ukiwala miti yao. Leo wastani wa ukuaji wa mikaratusi ya biashara nchini Brazili unazidi mita za ujazo 30 kwa hekta kwa mwaka. Haukufika hapo kwa kloni peke yake. Mbolea, utayarishaji wa udongo na nafasi kati ya miti vilifanya sehemu yake. Lakini kloni zile zilijaribiwa kwanza, mahali zilipokusudiwa kupandwa, na zilizoshindwa zikatupwa.

Tunachoona kwetu ni kitu kingine chenye jina hilohilo. Kloni huletwa ikiwa na namba tu, bila taarifa ya majaribio, na hupandwa peke yake kwenye eneo kubwa. Alipokuja kijidudu kile kidogo kiitwacho Leptocybe invasa, kinachotaga kwenye mishipa ya majani machanga na kuyajaza vinundu, kloni fulani za mkaratusi zilishambuliwa vibaya wakati nyingine zilipata madhara kidogo. Aliyepanda kloni moja alikuwa amebahatisha bila kujua kwamba anabahatisha.

Kisha kuna miche inayoitwa ya chotara, inayooteshwa kwa mbegu zilizookotwa chini ya miti chotara. Hili halipaswi kufanyika kabisa. Nguvu ya chotara ni ya kizazi cha kwanza. Watoto wake hutofautiana vibaya, wengine warefu, wengine vibeti, na kama shamba lilikuwa la kloni moja basi wengi wao ni matokeo ya mti kujichavusha. Ndivyo ilivyo kwa mkaratusi chotara, na ndivyo ilivyo kwa chotara wa Acacia mangium na Acacia auriculiformis. Kuuza miche hiyo kwa bei ya chotara halisi ni kumuuzia mtu jina.

Hata kikonyo kilichokatwa kwenye mti uliochaguliwa kwa haki chaweza kuharibika kwa mahali kilipokatwa. Kwa miti kama araukaria, mti wa mbao wenye koni kama msindano, kikonyo cha tawi la pembeni hubaki na tabia ya tawi: huota mizizi, huishi, na hukua kikitambaa kwa ubavu, kisiwe mti wa mbao kamwe. Na kwa miti mingi, vikonyo vya mti mzee huota mizizi kwa shida na kukua kwa unyonge kuliko vya machipukizi ya kisiki. Haya ni mambo ya kitaluni na yanajulikana, na ndiyo sababu tunauliza bustani zenu za vikonyo zina umri gani na zinakatwa namna gani.

4. Mche wenyewe.

Mbegu njema inaweza kuharibiwa kitaluni. Baada ya upepo mkali tuliung'oa mmoja wa misindano iliyolala, tukausafisha udongo kwenye mizizi. Mizizi ilikuwa bado na umbo la kiriba, mfuko ulimooteshwa mche: ilishuka, ikagonga chini, ikapinda, ikazunguka mara kadhaa na kujisokota yenyewe kwa yenyewe kama kamba, na mzizi mkuu ulikuwa umekunjika juu kama ndoano. Mti ule ulikuwa umesimama miaka kadhaa ukionekana mzima. Mche wake ulikaa kwenye kiriba kupita wakati, pengine msimu mzima wa ziada, kisha ukauzwa kama mche uliokomaa.

Hapa kuna kipimo rahisi. Urefu wa mche kwa sentimita ukigawanywa kwa unene wa shingo yake (pale shina linapokutana na mizizi) kwa milimita, jibu lisizidi 6 hivi. Likizidi sana, mche ni mrefu na mwembamba, na jua la kwanza la shambani litauonyesha. Mnunuzi hupenda mche mrefu kwa kuwa hakuna aliyemweleza, na kitalu humpa anachopenda. Viriba visivyo na kitako vinavyoning'inia hewani, au mirija yenye mifereji inayoelekeza mizizi chini, ni mambo ya kawaida katika vitalu vinavyojali, na kwa msaji hata njia ya kale ya visiki, ambapo mche wa mwaka mmoja hukatwa shina na kubakiza mzizi mnene wenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, bado hufanya kazi vizuri kama visiki vimepangwa kwa unene na havikukaushwa njiani.

5. Kusudi la mti.

Kwa kifupi: kloni iliyochaguliwa kwa ajili ya karatasi au nguzo si lazima ifae kwa mbao. Mikaratusi mingine hupasuka ncha mara gogo linapokatwa, na ubao hujipinda msumenoni, kwa sababu ya mkazo uliomo ndani ya shina linalokua. Tabia hiyo hutofautiana kati ya kloni na kloni. Anayepanda kwa ajili ya mbao aambiwe kabla hajapanda.

6. Lebo.

Mifuko ya mbegu hutufikia ikiwa na jina la mti na uzito, basi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tunajua baadhi ya majibu yatakayotolewa, na tungependa kuyajibu mapema ili mazungumzo yasirudi mwanzo.

Itasemwa kwamba tatizo ni udongo na matunzo. Ni kweli kwamba mche bora kabisa ukipandwa kwenye udongo wa kina kifupi hautafua dafu, na kwamba msaji hauvumilii maji yaliyotuama. Lakini yapo mashamba yetu ambamo mizigo miwili ya miche ilipandwa kwenye kipande kimoja, wiki moja, ikapaliliwa na watu walewale, na leo ukisimama kwenye njia ya kuzuia moto unauona kwa macho mpaka kati ya mzigo mmoja na mwingine, kwa kimo na kwa unyoofu. Safu hizo si jaribio la kisayansi, nasi hatudai hivyo. Zinatosha, hata hivyo, kumfanya mwenye dhamana aanzishe jaribio.

Itasemwa kwamba mbegu bora ni ghali. Kilo moja ya mbegu za Pinus patula huwa na mbegu takribani laki moja. Hata bei ya kilo ikipanda mara kadhaa, nyongeza kwa mche mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kuuchimbia shimo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hekta hupokea miche 1,111, na kila mmoja utapaliliwa kwa gharama ileile, uwe wa mbegu njema au mbovu. Kwa msaji hoja hiyo ina uzito zaidi, tunakiri, kwa sababu matunda yake ni makubwa, mengi hayaoti, na mashamba ya miti ya mbegu ya msaji huzaa kidogo. Hiyo ni sababu ya kuwekeza katika vikonyo vilivyojaribiwa. Haiwi sababu ya kuokota mbegu popote.

Itasemwa pia kwamba upunguzaji wa miti utaondoa mibaya na kubakiza mizuri. Upunguzaji husaidia pale mibaya inapokuwa michache. Ukiwa na miti 1,111 na unahitaji 250 hivi ya mwisho, unahitaji 250 iliyonyooka, tena iliyotawanyika vizuri shambani. Pale panda inapokuwa ndiyo desturi, fundi wa kupunguza hana cha kuchagua.

Na itasemwa kwamba uboreshaji wa miti huchukua miongo. Huchukua. Ila hatua ya kwanza haihitaji miongo: misitu mizuri ya kupandwa iliyopo inaweza kuteuliwa, miti yake mibaya ikaondolewa ili isichavushe mizuri, na ndani ya miaka michache ikatoa mbegu zenye ahueni ya kweli, wakati majaribio ya asili na ya kloni yakiendelea kando yake.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba kila moja lijibiwe kwa maandishi.

(a) Kuanzia msimu ujao, mbegu au mche wowote usitoke kwenye ghala na vitalu vilivyo chini yenu bila hati inayotaja asili ya mbegu, msitu ulikochumwa, idadi ya miti mama, mwaka wa kuchuma na kiwango cha uotaji. Na kwa kloni, namba yake na taarifa ya majaribio yake, yale mabaya yakiwemo.

(b) Rejesta ya misitu ya mbegu na mashamba ya miti ya mbegu iwekwe wazi kwa mkulima yeyote, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuondolewa miti mibaya.

(c) Wakusanyaji wa mbegu walipwe kwa mti uliothibitishwa, na kilo zisiwe tena kipimo pekee cha ujira wao. Tunaamini hili, lisilohitaji maabara wala mkopo, litabadilisha mengi kuliko semina zote zilizofanyika.

(d) Uuzaji wa miche iliyooteshwa kwa mbegu za miti chotara usimamishwe mara moja.

(e) Viwango vya mche viandikwe na vibandikwe kwenye kila kitalu: unene wa shingo, uwiano wa urefu na unene, hali ya mizizi, na umri ambao mche ukiupita hauuzwi bali hutupwa. Mkulima awe na haki ya kuchana kiriba kimoja katika kila mzigo na kuitazama mizizi kabla ya kulipa.

(f) Majaribio ya asili za mbegu na ya kloni yaanzishwe katika kila ukanda wa mvua tunaopanda, na matokeo yatolewe kila baada ya vipimo, hata yakiwa ya aibu kwa aliyeyatoa. Tuko tayari kutoa ardhi, palizi na ulinzi wa moto kwa majaribio hayo. Mchango wenu uwe mbegu zenye hati, mpango wa upandaji na mpimaji.

(g) Panapothibitika kwamba mzigo wa miche uliuzwa kwa maelezo ya uongo, mkulima apewe miche ya kupanda upya pamoja na gharama ya kusafisha shamba. Kurudishiwa bei ya mche peke yake hakulipi miaka iliyopotea.

Tunaomba jibu kabla vitalu havijaanza kusia mbegu za msimu ujao, kwa sababu baada ya hapo miche itakuwa imeota na itauzwa, iwe na hati au isiwe nayo. Endapo hati hazitakuwapo, wanachama wetu wamekubaliana kuacha mashimo wazi msimu huo kuliko kuyajaza kwa miche isiyo na asili, na tutawajulisha wenye viwanda vya mbao sababu ya uamuzi huo.

Kwa heshima,

Wakulima wa miti ya mbao

Nakala: Wenye vitalu binafsi, wakusanyaji wa mbegu, wenye viwanda vya mbao, vyama vya wakulima wa miti.